Koma ya Juu ya Respicius

NYWILA SI SAHIHI. MAJARIBIO YALIYOBAKI: 6.

Yustina aliyatazama maandishi hayo mekundu, kisha akatamka neno ambalo mama yake, mwalimu wa kwaya, hakuwahi kumfundisha.

"Dada, taratibu," alisema Ngusa kutoka upande wa pili wa meza. "Ukiipiga ngumi hiyo ThinkPad, spea yake mpaka Mwanza."

Saa saba na dakika kumi mchana. Kibanda cha Ngusa, fundi kompyuta, kilikuwa nyuma ya soko la Mpanda mjini, na bati lake lilikuwa linatoa joto kama tanuri la mikate. Feni ilizunguka bila kupepea chochote. Kwenye meza palikuwa na simu zilizofunguliwa matumbo, chuma cha kuchomelea kikiwa cha moto juu ya kigae, na ile fleshi ndogo nyeusi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta.

Fleshi hiyo asubuhi ilikuwa bado ndani ya soli ya kiatu cha marehemu.

Simu ililia.

"Kinu kwa Msasa. Umefungua?"

Kinu alikuwa Mkuu Kalisti, bosi wake. Msasa alikuwa yeye.

"Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mkuu, kama ningejua, nisingesema bado."

"Malori yamepita Sitalike. Yote saba. Saa tisa yatakuwa Kabungu. Nipe namba moja, Msasa. Moja tu."

Simu ikakatwa.

Malori saba ya mchele yalikuwa yametoka Kibaoni alfajiri. Magunia ya aina moja, maturubai ya rangi moja, yote Howo nyeupe. Sita yalibeba mchele. Moja lilibeba mchele juu, na chini yake, kwenye sakafu ya siri, lilibeba baruti na fataki za kulipulia zilizoibwa migodini. Mzigo huo ulikuwa unakwenda Karema, uvushwe ziwa Tanganyika, ukawafikie watu wenye bunduki ambao hawakuwa na mpango wa kuchimba dhahabu.

Katika kiti cha abiria cha lori hilo alikaa Katarina. Miaka ishirini na sita. Ofisa wa Idara ya ujasusi, kama Yustina. Miezi minne alikuwa amejifanya karani wa mizigo. Asubuhi alituma ujumbe ambao haukuisha: *Wameanza kunishuku. Wamenihamishia lori lenye*

Basi. Simu yake ikazimwa.

Kila dereva alikuwa na redio. Ukisimamisha lori lisilo lenyewe, lililo lenyewe linapata habari kabla hujafungua turubai. Na Alex, mwenye biashara ile, mtu wa pasi mbili za kusafiria, alisafiri bega kwa bega na karani wake. Kama wangefika ziwani, Katarina angepandishwa boti. Asingeshushwa akiwa hai.

Mtu aliyelijua lori lenye sakafu mbili alikuwa mmoja, ofisa mwenzao.

Respicius.

Na Respicius alikuwa amelala Mwamkulu, chini ya udongo ambao bado haujashuka. Wiki tatu tu. Gari lisilo na namba lilimgonga barabara ya Kabungu na kuondoka na begi lake, kompyuta yake na simu yake. Hawakumvua viatu.

Yustina alimkuta hospitali, akainama mpaka sikio likagusa midomo yake.

"Kiatu," alisema Respicius. Halafu, polepole, neno kwa neno: "Ng'ombe wangu yuko ng'ambo. Herufi ndogo zote. Acha nafasi. Kama ninavyoandika."

Hakusema tena.

Viatu vilirudi nyumbani na nguo zake. Yustina alipovifuata wiki ile ya kwanza, mjane, Elizabeti, alimkatalia. Hakutaka mtu ashike kitu cha mumewe. Ni leo asubuhi tu alipotoka nje, amevikumbatia kama mtoto.

"Chukua, dada," alisema. "Nimechoka kuviona mlangoni kila siku kama vina mtu."

Sasa nywila aliyoachiwa kwa pumzi ya mwisho ilikuwa inakataa.

Alikuwa ameiandika mara mbili kama alivyoambiwa. Ikakataa. Akaanza na herufi kubwa. Ikakataa. Akaunganisha maneno yote. Ikakataa. Kufuli hili lilikuwa kazi ya vijana wa Idara: makosa kumi, fleshi inajichoma yenyewe. Hairuhusu kunakili na kubandika. Haionyeshi herufi, inaonyesha vidoti tu.

"Ondoa ile koma ya juu," alisema Ngusa. "Watu wengi hawaiweki. Wanaandika ngombe tu, maisha yanaendelea."

Yustina akaandika bila koma.

MAJARIBIO YALIYOBAKI: 5.

"Jaribu ile iliyolala, pale chini ya Esc. Wengine wanachanganya."

MAJARIBIO YALIYOBAKI: 4.

"Fundi, unanisaidia au unanihesabia?"

"Nakusaidia kuhesabu." Ngusa alijifuta jasho. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyewahi kuitengenezea Idara mashine mbili tatu bila kuuliza maswali. "Kuna koma nyingine. Ile ya kujikunja, kama ya vitabuni. Huenda aliiandika kwenye simu, simu inapenda kuikunja. Kwenye Linux, mfumo wa kompyuta hii, unashika Ctrl na Shift, unabonyeza U, unaandika namba yake, 2019, unamaliza na Enter."

Yustina akashika Ctrl. Akashika Shift. U. Mbili, sifuri, moja, tisa. Enter.

Kidirisha cha Idara hakikuujua mtindo huo. Kiliiona Enter tu, kikafikiri amemaliza.

MAJARIBIO YALIYOBAKI: 3.

"Nani aliyetengeneza kitu hiki?" alifoka.

"Si mimi," alisema Ngusa haraka. "Malizia na nafasi badala ya Enter."

Akamalizia na nafasi. Vidoti vikajaa vingi kuliko inavyopaswa, lakini kidole kilikuwa tayari kimeshagonga.

MAJARIBIO YALIYOBAKI: 2.

Yustina aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia kabisa, kama mtu anayemfunga mbwa wake. Alikuwa ameruka ukuta Kigoma akiwa na risasi pajani. Alikuwa ameogelea usiku kati ya viboko. Na sasa Katarina alikuwa anakwenda kufa kwa sababu ya kialama kisichozidi mguu wa sisimizi.

Redio ya Motorola kiunoni ikakoroma. "Kinu kwa Msasa. Wamefika mjini. Wanapima uzito. Nusu saa wanaondoka."

"Nimesikia."

"Msasa. Pishi ni mdogo."

Pishi alikuwa Katarina.

"Najua, Mkuu."

Kivuli kikaziba mlango.

"Mambo vipi, fundi. Natoa kopi ya kitambulisho."

Kijana mrefu, shati safi, kofia ngumu ya pikipiki mkononi. Kofia ilikuwa na ufa uliozibwa kwa utepe wa njano.

Yustina hakuinua kichwa. Kofia ile aliiona asubuhi Mwamkulu, juu ya pikipiki aina ya Boxer, ng'ambo ya njia, mbele ya nyumba ya Elizabeti.

"Mashine haina wino, bwana," alisema Ngusa.

"Basi nipe hiyo fleshi. Ni yangu."

Bastola aina ya Makarov ilikuwa tayari imetoka chini ya kofia.

"Unaitwa nani?" aliuliza Yustina, bado anatazama kioo.

"Innocent."

"Wazazi wako walikuwa na matumaini."

Mkono wa kushoto wa Yustina ulikiokota chuma cha kuchomelea na kukilaza juu ya kifundo cha mkono wenye bastola. Innocent alipiga kelele. Risasi ikatoboa bati, mwanga wa jua ukashuka kama fimbo. Yustina alimvuta kwa kola, paji la uso likakutana na ukingo wa meza. Meza ikainuka. Simu zikamwagika. ThinkPad ikaruka, ikatua sakafuni kwa pembe yake, na kiwiko cha Innocent kikaangukia juu yake.

Innocent alijaribu kuinuka.

Ngusa akamshushia UPS, lile sanduku zito la betri ya kompyuta, kichwani.

Hakuinuka tena.

"Hii UPS ilikuwa mbovu tangu Pasaka," alisema Ngusa, anahema. "Leo ndiyo imefanya kazi."

Yustina alikuwa ameshapiga magoti. Aliigeuza kompyuta. Kioo kizima. Fleshi ipo. Kitufe cha Alt cha kulia kilikuwa kimeng'oka, kimebaki kidonda cha plastiki.

Na kiwiko cha Innocent kilikuwa kimebonyeza Enter.

MAJARIBIO YALIYOBAKI: 1.

Safari hii hakutukana. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akamfunga Innocent mikono kwa waya wa chaja.

"Aliniambia wazi," alisema. "Neno kwa neno. Nilikuwa nimeinama hivi. Alisema kama ninavyoandika. Nimeandika kama alivyosema, Ngusa. Nimekosea wapi?"

Ngusa aliinama sakafuni. Alikuwa anaokota vitu vyake. Kati ya simu na nyaya aliokota karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyodondoka mfukoni mwa Yustina wakati wa vurugu. Aliifunua ili ajue ni ya nani.

Akacheka.

"Nipe hiyo," alisema Yustina kwa ukali.

Ilikuwa ripoti ya Respicius, ukurasa mmoja, ya mwaka jana. Haikuwa na siri yoyote. Alitembea nayo mfukoni kwa sababu ilikuwa na mwandiko wake. Mashine ilikuwa imechapa: *Mtajwa amenunua ngómbe wanne kutoka ngámbo ya mto.* Mkuu Kalisti alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu: *Respicius, hii ni lugha gani?* Na chini, kwa peni ya bluu, marehemu alikuwa amejibu: *Samahani Mkuu. Kompyuta yangu ilisoma Bukavu.*

Ofisi nzima ilicheka wiki nzima. Walimwita Mesié, yaani bwana kwa Kifaransa.

"Dada," alisema Ngusa polepole, "huyu alikuwa anaandika Kifaransa?"

"Alikuwa na watu wake upande wa pili wa ziwa. Aliwaandikia kwa Kifaransa. Kwa nini?"

"Kwa sababu hajaandika ó huyu. Hajawahi kukusudia kuandika ó hata siku moja." Ngusa alichuchumaa mbele yake, karatasi mkononi, macho yamemtoka. "Ukitaka herufi za Kifaransa kwenye Linux, unaweka kibodi ya kimataifa. Ile koma ya juu inabadilika. Unaibonyeza, hakitokei kitu. Wenyewe wanakiita kitufe kilichokufa. Kinakaa kimya, kinasubiri herufi inayofuata, halafu kinapanda juu yake. Koma, e, unapata é. Mfaransa anafurahi."

"Na Mswahili?"

"Mswahili anaandika ng'ombe. N, g, koma, o. Inatoka ngómbe! Kuipata koma yenyewe, lazima ugonge nafasi baada yake. Nani ana muda huo? Yeye aliona makosa kwenye ripoti akaona yapite. Lakini kwenye nywila..."

"Kwenye nywila ni vidoti tu," alimaliza Yustina. "Hakuona."

"Hakuona. Aliamini ameweka koma mpaka anakufa."

Kama ninavyoandika.

Si kama ninavyosema.

Yustina aliinuka. "Niwekee hiyo ó."

Saa nane na dakika ishirini.

Ngusa alifungua mipangilio ya kibodi. "Nakuwekea Alt ya kulia iwe kitufe cha kuunganisha. Unagonga Alt, koma, o. Ni salama zaidi."

Yustina aligonga pale palipong'oka. Koma. O. Akaendelea mpaka mwisho wa sentensi. Kidole kikakaribia Enter.

Kikasimama.

Akahesabu vidoti. Ng'ombe yenye koma ni herufi saba. Yenye alama kichwani ni sita, na ng'ambo vivyo hivyo. Sentensi nzima ilipaswa kuwa vidoti ishirini na vinne.

Vilikuwepo ishirini na sita.

"Alt imekufa," alisema. "Haikuunganisha chochote." Akafuta vyote, kimoja kimoja, jasho likimdondokea kwenye kibodi. "Nipe kibodi yake. Ile ile aliyotumia."

"Ukikosea hakuna kuhesabu tena."

"Nipe, Ngusa."

Kiingereza, Marekani, kimataifa. Ngusa akachagua, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu anayempisha daktari.

N. Kidoti. G. Kidoti.

Koma ya juu.

Hakuna kitu. Vidoti viwili vimetulia palepale.

Yustina alikiangalia kile kimya. Kitufe kilikuwa kimezama na kurudi, na hakuna dalili kwamba mtu amekigusa. Lakini kilikuwepo. Kilikuwa kinasubiri.

O. Kidoti cha tatu.

Akaandika iliyobaki bila kuharakisha, kwa vidole viwili, kama Respicius alivyokuwa akiandika huku akinung'unika kwamba kibodi zinatengenezwa na watu wasio na ng'ombe. Alipofika mwisho alikuwa amegonga mara ishirini na sita. Vidoti vilikuwa ishirini na vinne.

Enter.

Kidirisha kikatoweka.

Ndani palikuwa na faili moja, mstari mmoja. *Lori lenye sakafu mbili: mwisho 318. Kwenye kioo cha mbele amechora pembe za ngómbe.*

Akabonyeza redio. "Msasa kwa Kinu."

"Sema."

"Mwisho tatu, moja, nane. Pembe kwenye kioo."

"Una hakika?"

"Imeandikwa na yeye mwenyewe."

Pumzi ndefu. "Yameshaondoka. Njoo Kabungu."

Yustina alichukua funguo kwenye mfuko wa Innocent, na ile kofia ya utepe wa njano.

"Hii UPS nani ananilipa?" aliuliza Ngusa.

"Si umesema ilikuwa mbovu?"

Boxer ilichukua kona ya soko kwa tairi moja na nusu.

*

Kabungu, kizuizi cha ushuru wa mazao. Mti mmoja mrefu ulilazwa katikati ya barabara, pembeni kibanda cha mbao, meza, na kitabu cha stakabadhi. Kila lori linasimama hapo. Hakuna dereva anayeshtuka.

La kwanza likapita. La pili. La tatu. Mihuri ikagongwa, mti ukainuliwa, vumbi likatimka.

La nne lilikuwa na pembe mbili nyekundu zilizochorwa kwenye kioo.

Yustina alitoka kibandani amejifunga kitenge kiunoni na kitabu kifuani. Hakutazama kiti cha katikati, alikobanwa msichana mwembamba mwenye mdomo uliopasuka.

"Karani ashuke asaini."

Mtu aliyekaa dirishani, miwani ya jua ya Ray-Ban, alitabasamu. "Mama, mletee hapa hapa."

"Haiwezekani, bosi."

"Kwa nini?"

"Peni imefungwa kamba mezani. Madereva wanaziiba."

Dereva akacheka. "Kweli, Bosi Alex. Hapa peni ina kamba kuliko mbuzi."

Alex alitazama meza. Peni ilikuwa imefungwa kamba kweli. Malori matatu nyuma yakaanza kupiga honi.

"Mimi ndiye nitasaini," alisema.

"Wewe ndiye karani?"

"Mimi ndiye mwenye mali."

"Mwenye mali hasaini, bosi. Mwenye mali analipa. Karani ndiye anayesaini. Jina lake liko hapa tangu Kibaoni." Yustina akapiga mwayo. "Au kaeni mpaka mkubwa wangu arudi kula. Ni leo au kesho."

Honi zikazidi.

Alex alimfungulia msichana mlango. "Dakika moja," alimnong'oneza. "Nakuona."

Katarina alishuka. Alitembea hatua nane mpaka mezani, akainama kushika peni. Mkono wa Mkuu Kalisti ulitoka nyuma ya mlango wa kibanda, ukamvuta ndani kwa upole kama mtu anayeondoa chungu motoni.

Alex aliona. Mkono wake ulikwenda chini ya kiti.

"Usihangaike," alisema Yustina.

Kitabu cha stakabadhi kilikuwa kimeanguka. Alichokuwa amekificha nyuma yake ni bastola, Glock 19, na ilikuwa inatazama katikati ya Ray-Ban.

Kutoka shamba la mahindi pande zote mbili wakasimama askari ishirini. Redio ya dereva ikanyakuliwa kabla hajafungua mdomo. Turubai likafunguliwa, magunia yakashushwa, na mtu mwenye nyundo akagonga sakafu. Ililia utupu.

"Nani aliwaambia?" Alex aliuliza, mikono kichwani. "Yule mliyemzika? Vitu vyake vyote tulichukua."

Yustina alimsogelea, akamvua miwani, akaiweka juu ya boneti ya lori.

"Viatu mliacha," alisema.

*

Asubuhi iliyofuata aliiandika ripoti yeye mwenyewe, kwenye ile ThinkPad isiyo na Alt ya kulia. Ngusa alikuwa ametaka kurudisha kibodi kama ilivyokuwa. Alimkataza.

Mkuu Kalisti alisoma amesimama dirishani. Katarina alikuwa amelala hospitali, ameshonwa nyuzi tatu, anadai chipsi. Mzee aligeuza ukurasa. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, kifuniko chake kimeshatolewa, na ilikuwa imefika kwenye mstari wa nne.

*Gari lilitambuliwa kwa pembe za ngómbe kwenye kioo, kabla halijavuka kwenda ngámbo.*

Kalamu ilibaki hewani.

"Yustina. Hii ni lugha gani?"

Yustina alikuwa ameshafika mlangoni, kofia ya utepe wa njano kwapani.

"Ya Respicius, Mkuu."

Akatoka. Boxer ikanguruma uani, ikashika njia ya Mwamkulu, ambako alikuwa na jozi ya viatu ya kumrudishia Elizabeti.

Mkuu Kalisti aliifunika kalamu, akagonga muhuri, akaiacha ripoti kama ilivyo.